Naomba ushauri: natoka kwenye ngumi na mateke, naingia kizimba cha mapigano mseto

Mguu wa Kushoto:
Wakuu, habari za muda huu. Nimepigana ngumi na mateke kwa miaka tisa, mapambano 24, nimeshinda 19, na katika yote hayo sijawahi kuhesabiwa hata mara moja. Sasa nataka kuhamia mapigano mseto, yaani MMA, yawe ndiyo kazi yangu, lakini kuna jambo linaninyima usingizi: mtu aliyezoea kusimama wima namna yangu anahitaji muda gani wa mieleka kabla ya pambano la kwanza? Nimekwisha kuanza mazoezi, na kila ninapopiga teke la mbavu mwenzangu hulidaka, huubana mguu wangu kwapani, hunipiga mtama kwenye mguu uliobaki, nami najikuta nikitazama taa za dari.

Mshika Takwimu:
Mkuu, usivunjike moyo. Mirko Filipović alitoka K-1, ligi ya ngumi na mateke, na mwaka 2006 akashinda Grand Prix ya PRIDE, ligi ya mseto ya Japani, Israel Adesanya, naye wa ngumi na mateke, akatwaa mkanda wa UFC, ligi kubwa ya mseto, mwaka 2019, na Alex Pereira, aliyekuwa amemshinda Adesanya mara mbili katika ngumi na mateke, akamfuata huko huko na kumpokonya mkanda mwaka 2022 katika raundi ya tano. Pereira huyo huyo alipoteza pambano lake la kwanza la mseto, mwaka 2015, kwa kabali. Nadhani swali la maana zaidi hapa ni nani kati yao ana teke zito, na jibu langu ni Pereira.

Goti Bovu:
Niliipita njia hiyo na sikufika mbali. Nilidhani tatizo langu lingekuwa kuangushwa, kumbe ni wavu wa kizimba. Ulingoni mkikumbatiana kwenye kamba mwamuzi huwatenganisha, lakini kizimbani mtu anakugandamiza kwenye wavu, kichwa chake kikiwa chini ya kidevu chako, na zile dakika tano za raundi zinakuwa ndefu kuliko pambano zima la raundi tatu za dakika tatu ulilozoea. Mabega yaliwaka moto, na nilipopata nafasi ya kurusha ngumi mikono ilikataa kupanda. Goti nililiumiza mazoezini kwa ubishi tu: mguu ulikuwa umekwisha kunaswa, nami nikajikaza nisianguke badala ya kwenda chini na kuanza upya. Pambano lako ni lini?

Mguu wa Kushoto:
Asante sana, ndugu. Tarehe bado haijatangazwa rasmi.

Mcheka na Wavu:
James Toney, bingwa wa ngumi, aliingia UFC mwaka 2010 kumkabili Randy Couture. Aliangushwa mapema na kukabwa raundi ya kwanza. Angalau wewe taa za dari umekwisha kuzizoea.

Binti Kabali:
"Haijatangazwa rasmi" ni jibu la mtu aliyekwisha kusaini. Tuambie mpinzani anatokea mchezo gani, wewe una wiki ngapi za mieleka, na kwa nini unaondoka ulingoni sasa hivi ukiwa na rekodi nzuri namna hiyo.

Mguu wa Kushoto:
Sawa, nimesaini. Ni wiki tano kutoka sasa, mpinzani amekulia kwenye mieleka, na mimi nina wiki saba za mazoezi hayo. Hata hivyo kila raundi huanza tukiwa tumesimama, na glovu za wakia 4 hupenya mahali ambapo zile za wakia 10 zingekwama, kwa hiyo dakika ya kwanza ni yangu. Promota naye hawezi kunisubiri mwaka mzima. Kuhusu kuondoka, pambano langu la mwisho, wiki nane zilizopita, liliisha vibaya kwa teke la kichwa. Daktari alisema nipumzike siku 90, nami nimepiga hesabu: siku ya pambano zitakuwa 91.

Mzee wa Kona:
Kijana, nimekaa kwenye kona za wapiganaji kwa miaka mingi, na kizazi hiki kinataka mkanda kabla ya jasho. Zamani mtu alikuwa akibeba ndoo ya mate mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kufunga bendeji.

Mtazamaji:
Uzi huu umetungwa. Juu kabisa ameandika kwamba hajawahi kuhesabiwa, na sasa amelazwa kwa teke la kichwa. Wenye kutunga wawe wanasoma walichoandika.

Mshika Takwimu:
Hata mimi nimeanza kutia shaka. Miaka tisa ya mateke halafu huna jibu kwa teke linalodakwa?

Mguu wa Kushoto:
Sijatunga. Sikuhesabiwa kwa sababu mwamuzi hakuona haja ya kuhesabu, alipunga mikono papo hapo. Nakumbuka nikifungwa bendeji mkono wa kulia, kisha nakumbuka nikiwa bafuni, maji yakinimwagikia, bendeji zikiwa bado mkononi. Katikati hapo hakuna kitu.

Binti Kabali:
Basi mimi namwamini, na ningependa iwe hadithi. Wiki nane toa wiki saba ni moja: ulianza kubamizwa chini siku saba baada ya kupoteza fahamu. Siku 90 alizokupa daktari hazikuwa za kusubiri tarehe ya pambano, zilikuwa za kichwa kutoguswa. Halafu unaenda mahali pasipo na hesabu, ambapo ukidondoka mpinzani anaruhusiwa kukufuata chini na kuendelea kupiga mpaka mwamuzi amzuie. Fomu ya afya ulijaza nini?

Mguu wa Kushoto:
Palipouliza kuhusu kupoteza fahamu niliandika hapana. Nafasi hii haitarudi, na kichwa hakiniumi isipokuwa asubuhi.

Goti Bovu:
Kocha anasemaje?

Mguu wa Kushoto:
Kocha wa mieleka hajui. Yule wa zamani ndiye aliyenivua glovu usiku ule, lakini nimezuia namba yake. Naomba turudi kwenye swali la teke, hakuna aliyelijibu.

Goti Bovu:
Litangulize kwa ngumi mbili ili mikono yake iwe inalinda uso, na ulipige ukitoka pembeni, si ukiwa mbele yake. Namba ya kocha ifungulie leo. Na maumivu hayo ya asubuhi yalianza lini?