Mkopo wa nyumba Bamburi: nichukue upi?

BintiKisauni:
Wadau, hamjambo? Nafanya kazi bandarini, mshahara kabla ya makato ni 130,000, na nina mkopo wa SACCO unaokula 15,000 kila mwezi. Nimepata fleti ya vyumba viwili Bamburi, hapa Mombasa, muuzaji ataka shilingi milioni 5. Mimi ninayo milioni 1. Benki watanipa milioni 4 kwa miaka 20, riba asilimia 14, eti "inayobadilika". Mjomba naye hataki kusikia habari za benki, asema ninunue nyumba Majengo kwa taslimu, ila ni nyumba bila ardhi. Nipeni akili.

BahariaTudor:
Dada, shika kikokotoo. Rejesho litakuwa kama 49,700 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 46,667, yaani deni lenyewe limeguswa kwa elfu tatu tu! Mpaka umalize utakuwa umelipa karibu milioni 12, na hapo riba iwe haijapanda. Mkopo huohuo kwa asilimia 9 ni kama 36,000. Mikopo ya namna hiyo ipo: KMRC, kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba Kenya, huzipa benki na SACCO pesa za bei nafuu nazo zikukopeshe. Ina kikomo na masharti yake, lakini anza kuulizia kwa SACCO yako.
Tena sheria yataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi. Kwa riba hiyo ya asilimia 14 na ule mkopo ulio nao, pesilipu yako sidhani itabeba.

MwanaMajengo:
Mjomba ana nia njema, lakini nyumba bila ardhi unanunua kuta na paa. Kiwanja ni cha mtu, unamlipa kodi ya ardhi, na siku akiuza, mnunuzi mpya ndiye wa kuzungumza naye. Nimezaliwa humo, sizidharau. Ila kesho ukitaka kuiweka rehani, benki haitaki, hati huna.

Abu_Salim:
Kama riba yakukera kidini, Gulf African Bank wana musharaka inayopungua. Mnanunua pamoja, unalipa kodi ya sehemu yao huku ukiinunua kidogo kidogo. Usidhani ni rahisi kwa sababu haiitwi riba. Linganisha jumla ya malipo.

KaraniMstaafu:
Mwanangu, mbona hakuna aliyetaja ushuru wa stempu, ule unaolipa serikalini nyumba ikihamia jina lako? Mjini ni asilimia 4, yaani 200,000 kwa nyumba yako. Ongeza ada za wakili wako, wakili wa benki (naye unamlipa wewe), na mthamini. Hiyo milioni 1 si yote ya malipo ya kwanza. Afueni ni kwamba riba ya nyumba unayoishi hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi, hadi 360,000 kwa mwaka.
Hati ya hiyo fleti ni ya nani?

BintiKisauni:
Shukrani, mzee. Muuzaji asema hati ni moja ya kiwanja kizima, zetu zitatoka baadaye.

KaraniMstaafu:
Basi usitoe hata shilingi. Sheria ya 2020 inaruhusu kila fleti kuwa na hati yake. Aigawe hati hiyo kwanza, wakili wako afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, aone pia miaka iliyobaki kama ardhi ni ya kukodi. Muuzaji akisema kuna mwingine anaingoja, mwache aichukue.