Mrejesho: vioo viwili kwenye fremu za zamani

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama naweza kutoa vioo vya moja moja niweke vile vya viwili vilivyozibwa pamoja bila kung'oa fremu za mbao, sababu ya baridi na kelele za barabarani. Asanteni sana jamani, hasa aliyesema nipime kwanza kina cha fremu, maana zangu zilikuwa nyembamba, ikabidi fundi achonge na kuongeza mbao ndo vioo vya milimita 24 vikakaa (kioo cha 4, nafasi katikati 16, halafu kioo cha 4). Chini tukavikalisha juu ya vipande vya plastiki na kuacha vitundu vya kutolea maji, na wazo hilo nimelitoa kwenu.

Sasa asubuhi kioo cha ndani kikavu kabisa, zamani nilikuwa nafuta maji na taulo kila siku. Nikiweka kiganja ule ubaridi hamna.

Kelele bado. Sauti za watu zimepungua ila ngurumo za malori zinaingia, mlionishauri vioo vya unene tofauti mlikuwa sahihi, mimi nikaogopa gharama. Na dirisha la jikoni limeshaingia ukungu katikati ya vioo, silikoni haisaidii hapo, sili (ile inayoziba kingo za vioo viwili) imeachia, fundi anabadilisha kioo kizima.