Mavyaa ameletwa kutoka Ngazidja (Komoro): hali chakula, usiku halali, anataka arudishwe kwao. Tuanzie wapi?

BintiTudor

Assalaam alaykum wanabaraza. Naomba ushauri wa wanaojua mas-ala ya wazee. Mavyaa wangu ana miaka 71. Ameletwa kutoka Moroni mara tu alipomaliza eda ya mumewe, anakaa nasi Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mume wangu ni Mngazija mwenye kibali cha kazi hapa, mimi ni Mkenya, nafundisha. Mchana kutwa mama yuko na dada wa kazi tu, na lugha hawaelewani.

Siku hizi chakula anakigusa tu, mchana analala, usiku yuko macho, vifundo vya miguu vimevimba, na kila siku ni "nirudisheni kwangu". Ana dawa za presha alizokuja nazo, maboksi yameandikwa Kifaransa, zinakaribia kwisha. Wa kemisti ametuambia tumpe Piriton apate usingizi. Karatasi nazo bado, ana muhuri wa kuingilia tu kwenye pasipoti.

Muuguzi_Ganjoni

Waalaykum salaam dada. Piriton msimpe. Kwa mzee dawa hiyo hukaa mwilini hadi asubuhi, anaamka kwenda chooni akiwa amelewa usingizi, na hapo ndipo nyonga huvunjika. Tena hufunga choo na mkojo, na humvuruga fahamu hata watu wa nyumbani wakadhani akili imeanza kumtoka.

Kabla hamjasema ni ukiwa, apimwe. Presha ichukuliwe akiwa amekaa kwa utulivu dakika tano, kisha asimame, ichukuliwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zake zinahitaji kupangwa upya na daktari. Damu ipimwe sukari, wingi wa damu, figo pamoja na chumvi za mwilini, na homoni za tezi ya shingo. Mkojo nao upimwe.

Sasa yaangalie yale maboksi. Jina kubwa mara nyingi ni la kampuni, jina la dawa yenyewe ni lile dogo lililo chini yake, na kwa Kifaransa linafanana sana na la huku. Ukikuta amlodipine, kuvimba vifundo ni athari yake inayojulikana. Linaloharibika mara nyingi ni hili: mzee anavimba kwa amlodipine, anaongezewa dawa ya kukojoza, uvimbe haushuki vizuri, na maji ya mwili yanakwisha. Ukikuta hydrochlorothiazide au indapamide, hizo tayari ni za kukojoza, na kwa mzee zaweza kushusha sodiamu ya damu. Sodiamu ikishuka, mtu hataki chakula, analegea, anasinzia, anachanganyikiwa. Ukitazama, ni hali hiyo hiyo uliyoieleza, na haitatulizwa kwa maneno mazuri.

Msikatize dawa kwa ghafla, wala msimnunulie nyingine kwa kulinganisha rangi ya vidonge. Tieni kila anachotumia katika mfuko mmoja, hata mizizi na dawa za maumivu (Brufen na diclofenac hupandisha presha na kuumiza figo), mumpeleke hospitali ya Makadara au kliniki mnayoiamini zikiwa zimebaki za wiki mbili. Mumeo nawe mwende pamoja ili amfasirie mamake, asitumwe mtoto.

Yasiyongoja miadi: mguu mmoja tu kuvimba na kuuma, pumzi kumbana akilala chali, au kuchanganyikiwa kulikoanza ndani ya saa au siku chache. Hayo ni hospitali siku ile ile.

Karani_Makupa

Dada, nami niseme upande wa karatasi, kwa sababu huo una saa inayohesabu. Itazame tarehe ya muhuri na siku alizopewa. Mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 anatakiwa kusajiliwa na kuwa na kitambulisho cha mgeni. Kwa mzazi anayetunzwa na mwanawe, inayoombwa ni pasi ya mtegemezi, na mwombaji ni mumeo kwa njia ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Anzeni kabla siku za muhuri hazijaisha.

Panapokwama ni kwenye uthibitisho wa uzazi. Cheti cha kuzaliwa cha mumeo, chenye jina la mama, kitakuwa cha Kifaransa, kwa hiyo kitafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambuliwa. Kisha linganisheni majina herufi kwa herufi na pasipoti ya mama. Kwa Wangazija jina moja huandikwa Mmadi hapa na Mohamed pale, na tofauti ya namna hiyo yatosha kurudisha faili. Ikiwepo, wakili awaandikie hati ya kiapo mapema. Pasi ya mtegemezi huenda sambamba na kibali cha mumeo, basi tarehe zote mbili ziandikwe pamoja mahali mtakapoziona.

Pesa za Inua Jamii, zile 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, ni za raia. Msipoteze nauli kufuatilia. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, humkubali mgeni mkaazi anayeishi nchini zaidi ya miezi 12. Hadi afike hapo tafuteni bima ya kibinafsi, au wekeni akiba ya matibabu kando.

Bi_Kuze

Mwanangu, hayo ya hospitali na uhamiaji yafanyeni kwanza. Baada ya hapo mtazame mama mwenyewe. Mtu aliyekuwa na nyumba yake, jiko lake, na watu wanaompigia hodi, leo amekaa sebuleni kwa mkaza mwana, na kijiko akitakacho aombe. Hata akipendwa vipi, hapo atasema mumrudishe. Tena ametoka edani moja kwa moja akapanda ndege. Mwacheni amtaje marehemu, muulizeni habari zake, msibadilishe mazungumzo machozi yakija.

Mpe kazi iliyo yake, asiyoingiliwa na mtu. Siku mbili kwa wiki jiko liwe lake. Mpelekeni Kongowea au Marikiti achague mwenyewe kisamvu, nazi, muhogo na ndizi mbichi. Mataba yao ni kisamvu cha nazi, vitu vyote vinapatikana hapa. Au awasomeshe wajukuu baada ya alasiri. Lakini usimfanye yaya. Kulea wajukuu kutwa kwa miaka 71 ni kutumikishwa, hata kama mwenyewe haoni vibaya kuliko kukaa bure. Saa mbili kwa siku zatosha, na dada wa kazi awe karibu.

Wangazija wapo Mombasa miaka na miaka. Ulizieni Mji wa Kale, kwa wanawake wanaohudhuria darsa na maulidi, nani anatoka Ngazidja. Msimpeleke kwenye shughuli kubwa mara ya kwanza. Mwalikeni bibi mmoja aje kwenu kunywa chai, kisha mama arudishe ziara. Bibi mmoja wa kuzungumza naye kwa Kingazidja kila wiki ni bora kuliko sebule iliyojaa wageni wanaomchekea tu.

BintiTudor

Allah awalipe kheri. Maswali mawili. Wifi anasema mama amechoka na maisha, asiguse kazi yoyote. Na maji hanywi kabisa, tunambembeleza glasi moja.

Muuguzi_Ganjoni

Wifi ana huruma, ila mzee akikaa kitako wiki nzima misuli ya mapaja hupungua haraka, na siku akiamua kushuka ngazi miguu itamkataa. Asubuhi akae barazani juani robo saa au zaidi, jua bado changa. Mchana asilale zaidi ya nusu saa. Asimame kutoka kitini bila kushika, mara tano, asubuhi na jioni. Akishindwa bila kushika, ashike. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu, mwende bustani ya Mama Ngina ufukweni na tuktuk, atembee dakika kumi, mkiongeza kidogo kidogo hadi nusu saa. Hiyo ndiyo dawa ya usingizi.

Maji: onjeni kwanza yale mnayompa. Maji mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi, na mgeni hayawezi. Chumvi yenyewe si rafiki wa presha. Mnunulieni ya kunywa. Sababu ya pili, ambayo hataisema, ni kwamba anaogopa kwenda chooni usiku. Jagi la lita moja na nusu liwekwe mbele yake asubuhi, sehemu kubwa iishe kabla ya magharibi. Madafu yahesabiwe humo, isipokuwa vipimo vya figo vikiwa vibaya, kwa sababu yana potasiamu nyingi. Moyo au figo zikiwa na tatizo, kiasi cha maji kipangwe na daktari.

FundiBamburi

Kuhusu hicho choo, wekeni chuma cha kushikia cha stenlesi. Cha kawaida kitaliwa na hewa ya chumvi, na kutu huanza ndani ya ukuta msipoona. Unene uwe milimita 32 hadi 38 ili mkono uzunguke. Urefu kutoka sakafuni ni kama sentimita 85, lakini mpimeni mwenyewe: asimame, mkono ushuke, usawa wa kifundo cha mkono ndio hapo. Choo kikiwa cha kuchuchumaa, ongezeni cha pili kilichosimama wima mbele yake, cha kujivutia anapoinuka.

Kuta za zamani za mawe ya matumbawe hazishiki plagi ndogo za plastiki, plasta inabomoka. Fundi atoboe hadi jiwe lenyewe, atumie rawabolti (bolti inayojitanua ndani ya tundu), kisha mtu mzima mwenye uzito ajining'inize kabla mama hajakitumia. Kandambili ziondoke chooni, anunuliwe viatu vyenye mkanda wa nyuma. Taa ndogo iwake usiku kucha kutoka kitandani hadi chooni. Na kwenye ngazi, kiti kimoja kila ghorofa. Ombeni ruhusa kwa mwenye nyumba.

Bi_Kuze

Na hili la kurudi, msimwambie "tutaona". Mume wako akae naye wajue anataka nini hasa: kuhama, au kulitazama kaburi na nyumba yake. Mkikubaliana ni ziara, tajeni mwezi, na aone tiketi. Aende na dawa za miezi mitatu, pasi ikiwa tayari ili asizuiwe kuingia tena. Simu kwa nduguze iwe na saa maalumu, saa za Moroni ni sawa na za huku, haina taabu. Na awe na pesa zake mwenyewe mkononi kila mwezi, hata kama ni kidogo, asiombe nauli wala asiulizwe amezifanyia nini.