Kodi ya mwaka kwa punguzo, au miezi sita kwa bei ileile: ipi ina nafuu?

Mpangaji wa Tabata

Wanajukwaa, salaam. Mkataba wangu wa nyumba ya vyumba viwili hapa Tabata unakwisha mwishoni mwa Desemba. Kwa miaka mitatu nimelipa shilingi 300,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo. Juzi nilimwomba mzee mwenye nyumba anipunguzie, naye akasema kwamba nikimletea fedha ya mwaka mzima kwa mara moja atapokea 270,000 kwa mwezi, la sivyo bei itabaki ilivyo. Mke wangu ana shauri la tatu: tulipe miezi sita kwa 300,000, ila mzee atukubalie kufunga LUKU yetu, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Sasa tunachangia mita moja na jirani aliyeleta friji mbili za kuuza barafu, na kila mwezi tunatoa 40,000 ilhali kabla ya friji hizo hatukuzidi 15,000. Nina 1,900,000 mkononi. Nichague ipi?

Bi Mahesabu

Ndugu yangu, tuanze na shauri la mzee. Mwaka kwa 270,000 ni 3,240,000, na kwa bei ya sasa ni 3,600,000, kwa hiyo unaokoa 360,000. Lakini usiishie hapo, kwa sababu fedha ya nusu ya pili ungeitoa Julai, na sasa unatakiwa kuitoa miezi sita kabla. Ukilipa miezi sita unahitaji 1,800,000 leo, hivyo nyongeza unayotafuta ni 1,440,000. Katika SACCOS yetu, yaani chama cha kuweka na kukopa, mkopo wa kiasi hicho kwa miezi sita, kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, utakugharimu riba ya 50,400 tu. Bado unabaki na faida ya 309,600, ili mradi mshahara wako unaweza kubeba rejesho la zaidi ya 240,000 kila mwezi. Ukikopa kwa wale wa mitaani wanaotoza asilimia 20 kwa mwezi, faida yote inayeyuka kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Sasa tazama shauri la shemeji. Hasara yenu kwenye umeme ni 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Ukitoa gharama ya kuunganishiwa mita, ambayo hulipwa mara moja tu, anakaribia kuleta nafuu ileile bila kukopa hata senti. Mimi ningemsikiliza yeye.

Aliyewahi Kuungua

Hesabu ya Bi Mahesabu ni sahihi, ila kuna jambo ambalo kikokotoo hakilioni. Niliwahi kulipa mwaka mzima kwa punguzo kama hilo. Mwezi wa tatu chemba ya choo ilijaa na kufurika hadi mlangoni, na mwenye nyumba, aliyekuwa akipokea simu yangu kabla haijaita mara mbili, akawa hapatikani. Gari la maji taka nililipa mwenyewe, mara mbili. Anayedaiwa kodi ya Julai anasikilizwa mwezi Juni, lakini aliyekwisha kulipa yote hana cha kushikilia. Ukikubali mwaka, hakikisha mkataba unasema wazi nani anatengeneza nini, na kwamba gharama utakayoitoa kwa niaba yake itakatwa kwenye kodi.

Mwenye Nyumba wa Mbagala

Niruhusuni niseme kutoka upande wa pili. Wengi wetu hatutafuti fedha ya mkupuo kwa uroho. Januari shule zinafunguliwa na ada zinasubiri, au kuna nyumba iliyosimama kwenye lenta inangoja kupauliwa. Kwa hiyo mwulize mzee, kwa adabu, anahitaji kiasi gani na lini, kwani huenda haja yake ni milioni mbili na si tatu. Vilevile, mpangaji mzuri asisahau thamani yake. Nyumba ya 300,000 ikikaa tupu miezi miwili nimepoteza 600,000, nayo ni zaidi ya punguzo lote unaloliomba. Usimtishie kuhama, mkumbushe tu kwamba kwa miaka mitatu hajawahi kukufuata kudai kodi. Hilo tunalijua sana, ingawa hatulisemi.

Mpangaji wa Tabata

Nawashukuru nyote. Jumamosi nilikwenda kwa mzee baada ya swala ya alasiri, na sikutaja bei kwanza. Nilipomwuliza anahitaji fedha kwa ajili ya nini, alinionyesha karatasi ya ada ya wajukuu wawili, na jumla yake haikufika 2,200,000. Tumekubaliana 280,000 kwa mwezi kwa mwaka: miezi minane sasa, ambayo ni 2,240,000, na minne iliyobaki nitailipa Agosti. Nimekopa 500,000 kwenye SACCOS ili nisibaki mikono mitupu. Mita nitaiombea mimi, na gharama yake, pamoja na matengenezo yoyote ya chemba, itakatwa kwenye malipo ya Agosti. Yote yameandikwa, na tumesaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Jirani wa barafu bado hajaambiwa.