Leni ya mabasi Barabara ya Malindi: gari la kibinafsi liingie wapi, saa ngapi?

Mwenye mada: Kila ikizungumzwa habari ya kutenga leni ya kushoto kwa mabasi kutoka Bombolulu hadi Daraja la Nyali, hapa Mombasa, ugomvi ni kuhusu magari ya kibinafsi. Pendekezo langu: mabasi, matatu, ambulensi na zimamoto peke yao, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku. Nje ya saa hizo, kila mtu apite. Mnaonaje?

Dereva wa Nyali: Napinga. Ukichukua leni moja kati ya mbili, magari yaleyale yatapangwa mstari mmoja na foleni itarefuka maradufu. Halafu anayekata kushoto kuelekea Nyali apitie wapi?

Mhandisi wa barabara: Ndugu dereva, tupige hesabu ya watu, tusihesabu magari. Leni moja yenye taa hupitisha takriban gari moja kila sekunde 2 taa ikiwa ya kijani. Kijani ikichukua nusu ya muda, ni magari 900 kwa saa. Hata kila gari likibeba watu wawili, ni watu 1,800. Matatu ya abiria 14 ikipita kila sekunde 10, ni matatu 360, yaani watu 5,040, na leni bado ina nafasi.

Lakini swali la kukata kushoto ni la haki, na hapo ndipo wachoraji wengi wa barabara huharibu. Mstari usiokatika unaotenga leni ya mabasi ukifikishwa hadi kwenye taa, dereva atakata kona akiwa leni ya pili, mbele ya pua ya matatu inayokwenda moja kwa moja, na atagongwa ubavuni. Kwa hivyo leni ya mabasi iishe kabla ya makutano. Umbali gani? Kijani ya sekunde 30 hupitisha magari 15. Kila gari kwenye foleni hula mita 6 hivi. Basi ni mita 90. Ukiiacha wazi mita 200, wajanja watachomoka kushoto, wapite foleni yote, kisha wajipenyeze tena mbele ya taa. Kabla ya hizo mita 90 uchorwe mstari wa vipande. Dereva atazame kioo cha kushoto, awashe indiketa, aipishe matatu iliyomo tayari, ndipo aingie. Akishaingia asisimame kushusha mtu.

Kondakta wa Bamburi: Mhandisi umesema kweli, ila na sisi wa matatu tuambiwe. Matatu ikisimama ndani ya leni dakika moja kusubiri kujaza, kwa hesabu yako zishapangana sita nyuma yake. Steji zichimbwe pembeni, zitoshe matatu tatu kwa mpigo, na atakayesimama nje ya steji apigwe faini ileile ya gari la kibinafsi. Bila hivyo leni itazibwa na wenyewe tuliotengewa.

Dereva wa Nyali: Hapo kwenye mita 90 nimekubali. Bado sikubali kamera za kunasa magari ya kibinafsi yanayoingia leni hiyo. Picha moja itaonyesha niko ndani ya leni, haitaonyesha kwamba nilikuwa nakata kona.

Mhandisi wa barabara: Ndiyo maana picha moja haitoshi. Inatakiwa ya kwanza pale mstari usiokatika unapoanza, na ya pili mbele yake, ndani ya mstari huohuo. Aliyeonekana kwenye zote mbili amesafiri humo, hakuvuka tu. Na kila baada ya makutano kibao chenye saa kirudiwe, maana aliyeingilia barabara ya pembeni hakukiona cha kwanza.

Mama wa Kisauni: Jengeni ukingo wa zege kama leni za mabasi ya mwendokasi za Dar es Salaam, zilizoanza kazi 2016. Rangi peke yake haimzuii mtu.

Mhandisi wa barabara: Dada, zile ziko katikati ya barabara, hazikutani na anayekata kushoto. Huku pembeni ukingo utafunga kila mlango wa duka na petroli, na matatu ikiharibika ndani, zilizo nyuma hazina pa kutokea.

Mwenye mada: Na tuktuk?

Kondakta wa Bamburi: Tuktuk hapana. Watu watatu, mwendo mdogo, na matatu haiwezi kuipita bila kutoka nje ya leni.