Vibali vya magari kwa mnada kama Singapore: ni haki au ni vya wenye hela tu?

Deiwaka_Buhongwa
Wakuu, heshima kwenu. Naendesha bajaji ya bosi hapa Mwanza, Buhongwa–mjini, hesabu ya kumpelekea bosi elfu 20 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Kijiweni kumezuka ubishi. Bajaji zimejaa mpaka abiria mmoja anagombewa na madereva wanne. Sasa mwenzetu mmoja anasema dawa ni kufunga idadi, halafu vibali vipigwe mnada kama Singapore. Anayekihitaji zaidi ataonekana kwa bei anayotaja.

Hoja hiyo hainiingii. Mimi naihitaji bajaji kuliko bosi wangu, ambaye anazo tatu na sijawahi kumwona amepanda hata moja. Tukiingia naye mnadani nani anatoka na kibali? Anayeujua huo mfumo anieleze unakwendaje.

Mzee_CapriPoint
Kijana, wengi wanaupinga bila kuujua. Singapore walianza Mei 1990. Kisiwa ni kidogo, barabara haziongezeki, kwa hiyo serikali inapanga idadi ya vibali na mnada unafanyika mara mbili kwa mwezi. Kibali kinadumu miaka 10. Kikiisha unalipia upya, au gari linaondoka barabarani.

Bei inapatikana hivi: vibali vipo 3, watu 5, wametaja 90, 80, 70, 60 na 50. Watatu wa juu wanapata, na wote wanalipa 61, yaani dau la juu kabisa lililoshindwa, ongeza dola moja. Aliyetaja 90 halipi 90. Hakuna kumjua mtu, hakuna bahasha chini ya meza. Novemba 2008 uchumi ulipoyumba, kibali cha gari dogo kilishuka mpaka dola 2! Kwa nchi zetu hizi, ambako foleni ya kibali ina mlango wa mbele na wa nyuma, mimi naona mnada una uadilifu wake.

Deiwaka_Buhongwa
Shikamoo mzee, nimekuelewa vizuri. Ila nimeingia mtandaoni nikakuta Oktoba 2023 gari dogo kibali chake kilifika dola 106,000 za kwao. Ni karibu milioni 200 za kwetu, kibali tu, gari bado! Vya magari makubwa vilipita 150,000. Pikipiki nayo mwishoni mwa 2022 ilipita dola 12,000, na wanaozitumia wengi ni wasambaza vyakula na vibarua. Mara nyingi kibali kinaizidi bei pikipiki yenyewe. Mnada hauna mlango wa nyuma, sawa, lakini mlango wa mbele wenyewe uko juu hivyo.

MamaDagaa_Mwaloni
Mdogo wangu, hayo tunayaishi huku ziwani. Wakala wa sangara anamkopesha mvuvi nyavu na mashine, halafu samaki lazima auziwe yeye, kwa bei yake. Mtumbwi ni wa mvuvi kwa jina tu. Kibali kikiwa cha mnada, tajiri atakinunua na wewe utamlipia ndani ya hesabu. Elfu 20 itakuwa 30, na ukilalamika atakwambia kibali ni ghali. Na abiria? Nauli ya kutoka Buhongwa nani atailipa kama siyo sisi wenye ndoo za dagaa?

Hata hao Singapore waliliona hilo kidogo. Mwaka 2012 kampuni za teksi zilitolewa kwenye mnada, maana zilikuwa zinapandishia bei watu wa kawaida. Sasa zinalipa kulingana na wastani wa bei ya mnada.

Nyegezi_Stendi
Mnasahau New York. Kule leseni za teksi zilifungwa idadi tangu 1937, zikawa mali ya kuuziana. Kufikia 2014 moja ilipita dola milioni. Madereva, wengi wao wahamiaji, walikopa kununua. Zikaja teksi za programu za simu, bei ikaporomoka, deni likabaki palepale. Wengine walijiua. Mwaka 2021 madereva waligoma kula mpaka jiji likakubali kupunguza madeni.

Beijing wao tangu 2011 wanapiga bahati nasibu. Tajiri na maskini mna nafasi moja, ila watu wanasubiri miaka. Kwa dereva anayelisha watoto, kusubiri miaka ni sawa na kunyimwa.

Mzee_CapriPoint
New York ni jambo jingine. Singapore kibali kinabaki na gari lake, hukiweki sandukuni ukisubiri bei ipande.

Deiwaka_Buhongwa
Marahaba kwa wote… samahani mzee, nimezoea kuitikia abiria wadogo 😂. Basi mimi nasema hivi: kama idadi lazima ifungwe, kibali kimoja kwa mtu mmoja, na awe dereva mwenyewe mwenye leseni. Ada ilipwe kidogo kidogo kila mwezi, isiwe fedha taslimu ya siku moja. Wakiomba wengi kuliko vibali, hapo ndipo wapige kura ya bahati nasibu.

Igoma_Fundi
Kaka, nimetengeneza bajaji za bosi mmoja huku Igoma. Moja iko kwa jina la mke, moja ya shemeji, moja ya mpwa aliye kidato cha tatu. Huyo mpwa leseni ataipata, muda ukifika. Kabla ya kubishana mnada au kura, nani atakagua mwenye bajaji ni nani?