Beetle 1500 ya 1969: nataka kutoa hita, hewa safi ibaki

Mgongo69: Habari wakuu. Nina VW Beetle 1500 ya 1969, injini yake ya asili. Boksi la hita la kushoto (lile linalozunguka bomba la egzosi) limetobolewa na kutu. Ukivuta liva ya hita, moshi unaingia ndani. Gari liko Tanga, joto la nini? Nataka kutoa maboksi yote mawili niweke mabomba ya J (mabomba matupu ya egzosi yasiyo na boksi la hita), ila hewa ya dashibodi iendelee. Nisiguse nini?

Spana13: Mkuu, hiyo liva usiivute tena hata kwa kujaribu. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa egzosi, haina harufu, kwa hiyo pua si kipimo.

Hewa ya dashibodi haitaguswa. Beetle yako ina boksi la hewa safi chini ya boneti ya mbele, linavuta kupitia matundu yaliyo mbele ya kioo, na vitufe viwili vya dashi ndivyo vinavyolifungua. Hewa ya hita inatoka kwenye feni ya injini huko nyuma. Ni njia mbili tofauti.

Kazi ngumu ni nati. Kila boksi limeshikwa na nati mbili za M8 kwenye silinda ya mbele (namba 1 kulia, namba 3 kushoto), na klampu kwenye sailensa. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, acha yalale usiku mzima, injini ikiwa baridi. Nati ikigoma, ipashe moto. Ukilazimisha, stadi (skrubu inayoshikwa na nati) inakatikia kwenye hedi ya alumini na hapo itabidi injini ishushwe tu. Kurudisha: gasketi mpya, nati za shaba, kaza kama Nm 20, kisha kaza tena injini ikishawaka na kupoa.

Bati_na_Feni: Hapo ndipo wengi wanapofunga gereji na kuondoka, na injini inaungua taratibu. Kava la feni lina midomo miwili iliyokuwa ikipeleka hewa kwenye hita. Ikiachwa wazi, hewa ya kupoza silinda inamwagika bure. Kwenye injini yako kipoza oili kimo ndani ya kava, juu ya silinda 3, ambayo tayari ndiyo inayopata hewa haba. Ziba midomo yote miwili kwa vifuniko vya bati na riveti. Tepu haidumu.

Halafu kuna matundu mawili kwenye bati la nyuma la injini, yale mipira ya hita inapopita. Nayo ziba, la sivyo feni itavuta joto la egzosi kutoka chini. Ukimaliza, mtu amulike tochi kutoka chini ya gari, wewe angalia kwa juu: mwanga ukipenya kwenye bati popote, ziba.

Mgongo69: Shukrani. Fundi anasema tukate na zile njia za hita zilizo chini ya milango, gari liwe jepesi. Ni sawa?

Spana13: Mkatalie. Hizo ndizo mifupa ya bodi. Ukikata, milango itaanza kugoma kufunga. Ziba midomo yake ya nyuma tu, inapopokea hewa ya injini, na usizibe vitundu vya kutolea maji.

Bati_na_Feni: Angalia pia mpira wa kutolea maji chini ya boksi la hewa safi. Majani yakiuziba, mvua inaishia miguuni.

Usambara_VW: Tanga mjini hutajuta. Ukipanda Lushoto kwenye ukungu, kioo kitajaa mvuke: fungua vitufe vyote viwili na vioo vya pembe kidogo, hewa ipate pa kutokea. Usikimbilie vihita vya umeme vya kioo: cha wati 150 kinakula ampea 12 na nusu. Dainamo yako ni ya ampea 30, na usiku ukiwa na taa na waipa betri ndiyo itakayolipa. Kitambaa kikavu kinatosha.

Mgongo69: Na nitajuaje kama moshi hauingii tena?

Bati_na_Feni: Gari likiwa limesimama nje, injini inawaka, vioo vimefungwa, washa udi na uusogeze kwenye matundu ya hita ya miguuni. Moshi wa udi ukisukumwa, bado kuna hewa inatoka nyuma. Rudi kwenye ile midomo.